Huu Mshono wa Nani?

  

Leo nataka tuzungumze kuhusu kuiga. Kuiga na kuiba, msikilizaji wangu, ni maneno mawili yaliyotenganishwa na herufi moja tu. Je, na matendo yenyewe yako karibu hivyo? Hilo ndilo swali la leo.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwa fundi wangu wa nguo. Mama wa makamo, ana cherehani mbili na benchi la wateja. Akaingia dada mmoja na kitenge kipya kwenye mfuko. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu ukae." Dada hakukaa. Alitoa simu, akafungua picha ya gauni, akaivuta kwa vidole viwili mpaka mabega ya lile gauni yakajaa kioo kizima. "Mama, nataka hivi hivi. Usibadilishe kitu." Fundi akavaa miwani, akaitazama ile picha kimya, kama mtu anayesoma barua. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea. Akauliza, "Huu mshono wa nani?"

Dada akasema, "Sijui mama, nimeukuta Instagram."

"Haya," fundi akasema, akachukua tepu ya kupimia. "Nitakushonea. Ila mabega nitayashusha kidogo. Mabega yako si ya huyu wa kwenye picha."

Niliondoka pale na swali lile kichwani. Huu mshono wa nani? Leo naomba tulichukue swali la fundi tulipeleke mahali ambapo wengi wetu tunashinda kutwa nzima, yaani kwenye mitandao ya kijamii. Kama simu iko karibu, ishike. Fungua WhatsApp, utakuta Status: unaweka picha, inakaa saa 24, inapotea. Fungua Instagram, utakuta Stories: unaweka picha, saa 24, inapotea. Nenda Facebook, ni hivyo hivyo. Tazama video fupi za TikTok, kisha zile za Instagram, kisha za YouTube: kidole ni kilekile, kinapandisha kilekile. Umewahi kujiuliza imekuwaje nyumba zote hizi zikawa na mlango mmoja na dirisha moja, kana kwamba zimejengwa na mwashi mmoja?

Hazikujengwa na mwashi mmoja. Walichunguliana.

Twende kwanza Ujerumani, katika jiji la Berlin, mwaka 2005. Vijana wawili, Ehssan Dariani na Dennis Bemmann, walifungua mtandao wa wanafunzi wa vyuo vikuu, wakauita studiVZ. Jina hilo ni kifupi cha neno la Kijerumani lenye maana ya orodha ya wanafunzi. Sasa kumbuka kwamba Mark Zuckerberg alikuwa ameshafungua Facebook chuoni Harvard mwezi Februari 2004, na jina la Facebook linatokana na vile vitabu vya majina na picha ambavyo vyuo vya Marekani huwapa wanafunzi wapya ili wafahamiane. Kwa hiyo hata majina yenyewe, moja la Kiingereza na lingine la Kijerumani, yalikuwa yakisema kitu kilekile.

Na ungeziweka kurasa zile mbili ubavu kwa ubavu ungesema ni pacha. Picha ya mwenye ukurasa kushoto. Kulia maelezo yake: chuo gani, masomo gani, muziki gani anaupenda. Chini yake ukuta wa marafiki kuandika salamu. Facebook ilikuwa na rangi ya buluu. StudiVZ ikachagua nyekundu. Facebook ilikuwa na kitufe cha kumgusa rafiki kwa kidole, kumwambia tu kwamba nipo nakukumbuka. StudiVZ nayo ikaweka kitufe cha namna hiyo, ikakitungia neno jipya, gruscheln, lililounganishwa kutokana na neno la kusalimia na neno la kukumbatiana. Hilo neno, kwa kweli, ni la kwao wenyewe, na wanafunzi wa Kijerumani walilipenda sana. Lakini mahali kitufe kilipokaa, na kazi yake, tunajua vilitoka wapi.

Mtandao ule ulishika kama moto kwenye makuti. Mwanzoni mwa mwaka 2007, kabla hata haujatimiza miaka miwili, kampuni kubwa ya uchapishaji ya Ujerumani, Holtzbrinck, iliununua kwa mamilioni ya euro. Mamilioni ya vijana wa Kijerumani walikuwa ndani. Facebook yenyewe ilipokuja na ukurasa wa lugha ya Kijerumani mwaka 2008, ilikuta kiti kimeshakaliwa na mtu aliyevaa nguo zake.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Facebook ilikwenda mahakamani. Julai 2008 ilifungua kesi huko California, na shauri likaendelea Ujerumani pia. Madai yalikuwa kwamba studiVZ imenakili sura, mpangilio na huduma zake, rangi tu ndiyo iliyobadilishwa. Juni 2009 mahakama ya Köln ikatoa uamuzi, na naomba uusikilize vizuri kwa sababu una mafunzo. Mahakama ilikiri kwamba kurasa zile zinafanana. Haikukana. Lakini ilisema kwamba wakati studiVZ inaanza, Facebook haikuwa ikijulikana vya kutosha Ujerumani, kwa hiyo mwanafunzi wa Kijerumani hakudanganywa. Hakuingia studiVZ akidhani anaingia Facebook. Na kuhusu msimbo, yaani yale maandishi ya kompyuta yanayoendesha mtandao kwa ndani, haikuthibitika kwamba uliibwa. Facebook ikashindwa pale. Septemba ya mwaka huo pande mbili zikamalizana nje ya mahakama, na studiVZ ikalipa kiasi ambacho hakikutangazwa.

Sasa msikilizaji mmoja ataniambia, basi, mahakama imesema hakuna kosa, yamekwisha. Hapana ndugu yangu, hayajaisha. Mahakama iliulizwa swali la mahakama: je, mteja alidanganywa? Fundi wangu aliuliza swali lingine: huu mshono wa nani? Hayo ni maswali mawili. La kwanza linajibiwa na hakimu, la pili analijibu kila mtu na nafsi yake.

Sheria za hakimiliki karibu kila mahali, na hapa kwetu Tanzania pia chini ya sheria yetu ya mwaka 1999, zinalinda kazi iliyokwisha kufanywa, haziwezi kulinda wazo tupu. Na nafikiri ni vizuri hivyo. Wazo la kupika pilau si la mtu. Ingekuwaje kama aliyetangulia kutia mdalasini kwenye mchele angetuzuia sisi wengine wote? Lakini ukichukua kitabu cha mapishi alichokiandika jirani yako, ukakitoa kopi na kukiuza kwa jina lako, hapo sheria inakushika mkono. Tatizo la usanifu wa mitandao ni kwamba unaishi katikati ya hayo mawili. Mpangilio wa ukurasa ni zaidi ya wazo, maana mtu alikesha kuufikiria, akajaribu, akafuta, akajaribu tena. Lakini si kitabu. Ndiyo maana wanaoiga hupita katikati, na sheria mara nyingi huwatazama wakipita.

Ujerumani ile ile kulikuwa na ndugu watatu, Marc, Oliver na Alexander Samwer, ambao kuiga walikufanya kuwa kiwanda. Mwaka 1999 walianzisha mnada wa mtandaoni ulioiga eBay ya Marekani, na eBay yenyewe ikaununua baada ya miezi michache tu. Baadaye walitia fedha zao ndani ya studiVZ. Na baadaye zaidi wakatia fedha ndani ya Facebook! Kampuni yao ya Rocket Internet ndiyo iliyosimamisha Jumia, duka la mtandaoni, kule Lagos mwaka 2012, ikaja Kenya, ikafika mpaka hapa Tanzania, na hapa ikafunga mlango Novemba 2019. Huenda wewe unayenisikiliza uliwahi kuagiza kitu huko. Mshono ule ulikuwa umetoka Marekani ukapitia Berlin kabla ya kukufikia.

Turudi kwa Facebook, maana haki ni haki. Huyu aliyelalamika kwamba ameigwa, yeye mwenyewe alikuwa safi? Kabla yake kulikuwa na mitandao mingine: kulikuwa na SixDegrees mwaka 1997, kulikuwa na Friendster, kulikuwa na MySpace. Wanafunzi wenzake Zuckerberg pale Harvard, mapacha Cameron na Tyler Winklevoss pamoja na Divya Narendra, walimshitaki wakidai kwamba walimwomba awasaidie kujenga mtandao wao, naye akachukua wazo akaenda kujijengea wake. Alikanusha. Mwaka 2008 walimalizana kwa fidia ya fedha na hisa iliyoripotiwa kuwa dola milioni 65. Utaona kwamba mwaka ule ule Facebook ikimalizana na waliodai kuibiwa, ndiyo mwaka ilioishitaki studiVZ kwa kuiba.

Na kile kitufe cha kupenda, kile kidole gumba tunachokibonyeza mara mia kwa siku? Kitufe cha namna hiyo kilikuwapo kwenye mtandao mdogo ulioitwa FriendFeed tangu mwaka 2007. Facebook ilikiweka Februari 2009. Agosti ya mwaka huohuo ikainunua FriendFeed nzima nzima.

Nakuomba sasa ukae vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Mpaka sasa tumezungumza habari ya mdogo kumwiga mkubwa, au wa mbali kumwiga wa mbali. Je, mkubwa akimwiga mdogo?

Evan Spiegel na wenzake walianzisha Snapchat, na Oktoba 2013 wakaleta Stories: picha zako za leo, zikipangwa moja baada ya nyingine, zinaishi saa 24 halafu zinafutika. Lilikuwa jambo jipya kwa mtazamo wangu, na lilikuwa na hekima ndani yake. Mitandao mingine ilikuwa imetuzoesha kwamba kila unachoweka kinabaki milele, kwa hiyo watu wakawa wanaogopa, wanapanga, wanajiremba. Snapchat ikasema, hapana, siku ikiisha na iishe. Mwaka huohuo iliripotiwa kwamba Facebook ilitaka kuinunua kwa dola bilioni 3, na Spiegel akakataa.

Agosti 2, 2016, Instagram, ambayo Facebook ilishainunua, ikatoa kitu kipya. Kilikuwa picha za leo, zimepangwa moja baada ya nyingine, zinafutika baada ya saa 24. Na jina? Stories. Hata jina hawakulibadilisha. Februari 2017 ikaja WhatsApp na Status yake, na hiyo ndiyo wewe na mimi tunayoijua, ile ambayo kwayo tunapongezana kwa harusi, tunalilia marehemu, na kutangaza vitumbua vya asubuhi. Watu wengi sana wa Afrika Mashariki hawajawahi kuishika Snapchat, lakini kila siku wanavaa mshono wake.

Sasa jambo la ajabu. Kevin Systrom, mmoja wa waanzilishi wa Instagram, alipoulizwa na waandishi kuhusu jambo hili, hakuficha. Alikiri waziwazi kwamba sifa zote za wazo lile zinawastahili Snapchat. Unaona? studiVZ hawakutaka kukiri, lakini walichomwondolea Facebook ni kidogo. Facebook iliendelea kunenepa, na mwishowe ikawapita hata huko Ujerumani. Systrom alikiri kwa kinywa chake, lakini pigo lilikuwa zito. Ukuaji wa Snapchat ulipungua kasi miezi ileile, na karatasi za kampuni hiyo yenyewe, ilipokuwa ikijiandaa kuuza hisa mwanzoni mwa 2017, zilionyesha hivyo.

Kwa muda mrefu mimi niliamini kwamba kukiri kunatosha. Nilikuwa nikiwaambia vijana: chukua, lakini taja ulikotoa. Kisa hiki kimenibadilisha. Kumtaja mtu huku umekalia kiti chake, na yeye amesimama mlangoni, ni nusu ya haki. Kwa hiyo nasema leo, na nitarudia ili tusiachane njiani: swali la kwanza, huu mshono wa nani, na je, unathubutu kusimama mbele ya mwenyewe ukamwambia nimetoa kwako? Na swali la pili, baada ya wewe kuiga, yule uliyemwiga amebaki na pa kusimama?

Swali hilo la pili liliwahi kufika mpaka Bunge la Marekani. Julai 2020, mbunge Pramila Jayapal alimhoji Zuckerberg mbele ya kamati: ni washindani wangapi Facebook imewanakili? Zuckerberg alijibu kwamba ni kweli wamechukua na kurekebisha mambo ambayo wengine waliyatangulia. Siku chache tu baadaye, Agosti 2020, Instagram ikatoa Reels, video fupi za mtindo wa TikTok, katika nchi nyingi.

Tunaweza kudhani haya ni mambo ya wazungu na matajiri wao. Hebu tutazame hapa nyumbani. Mwaka 1968, Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, mtu aliyetoka kusini, upande wa Tunduru, alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mraba vya ubao, kwa rangi za mafuta zinazong'aa. Akawafundisha ndugu na vijana wa karibu. Mwaka 1972 akafariki, amepigwa risasi na polisi waliodhani ni mhalifu anayekimbia. Alichora kwa miaka minne hivi tu. Lakini vijana wake waliendelea kuchora kama yeye, na wanafunzi wao wakachora kama wao, mpaka leo ukienda pale Morogoro Stores, Oysterbay, utakuta mafundi wameinama na brashi, na chui wa huyu anafanana na chui wa yule.

Wameiga? Wameiga sana. Lakini michoro ile inaitwaje? Inaitwa Tingatinga. Zaidi ya miaka 50 imepita, mwenyewe hakuishi kufaidi, na bado kila anayeuza anatamka jina lake. Najua hata pale kuna malalamiko, mchoraji mmoja anabuni mpangilio mpya, kesho anaukuta kwenye meza ya jirani kwa bei ya chini. Malalamiko hayo ni ya kweli na yanauma. Hata hivyo, jina halikufutwa, na ukoo wa wachoraji umekua badala ya kufa. Kuiga kwa namna ile kunajenga nyumba.

Na hata kwenye mitandao kuna waliotoa kwa moyo mweupe. Ile alama ya reli tunayoiweka mbele ya neno ili mazungumzo yakusanyike, Chris Messina aliipendekeza kwa watumiaji wa Twitter mwezi Agosti 2007. Hakuidai. Leo iko kila mahali. Na lile jambo la kuvuta kioo kwa kidole gumba kwenda chini, ukaachia, kigurudumu kikazunguka na habari mpya zikashuka? Lilibuniwa na Loren Brichter katika programu yake ndogo iliyoitwa Tweetie. Twitter iliinunua mwaka 2010, ikapata hataza ya ubunifu huo, lakini ikaahidi kutoitumia kushambulia wengine, ni kujilinda tu. Kila ukivuta kioo chako leo, uko kwenye kazi ya mikono ya mtu yule, na hakuna aliyefukuzwa kwenye kiti kwa sababu hiyo.

Lakini kuna la kuogopesha kidogo, na nitalipita haraka. Anayeiga bila kuuliza huiga na maradhi. Mwaka 2006 Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho: unashusha, unashusha, chini hakuna chini. Mitandao yote ikaiga. Baadaye Raskin mwenyewe alijitokeza hadharani akasema anajutia, maana aliona watu wanashindwa kusimama. Wewe uliyemaliza bando saa sita usiku ukiwa hujui ulikuwa unatafuta nini, unalielewa jambo hili kuliko mimi. Yule wa kwanza alikosea bila kujua. Wale walioiga walikuwa na nafasi ya kujua.

Kuna pia wanaoiga ili kuiba kabisa. Wanatengeneza ukurasa wa kuingilia unaofanana na wa Facebook, buluu ileile, herufi zilezile, wanakutumia kiungo, unaandika nywila yako mwenyewe kwa mkono wako, wanaondoka nayo. Kwa hao sina swali la maadili la kuuliza. Tazama anwani iliyo juu ya ukurasa kabla ya kuandika chochote. Ikiwa na herufi moja ya ajabu, funga.

Sasa nije kwa vijana wetu, maana ni kwa ajili yao hasa nimeandaa maneno haya. Mtaani kwangu Sinza kuna kijana anayetengeneza tovuti na programu za simu. Siku moja alikuja kwangu, amekunja uso. "Mzee, shikamoo. Nina mteja ananiumiza kichwa." Mteja amekuja na simu, kaonyesha mtandao mmoja maarufu, akasema: nitengenezee kama huu, badilisha rangi tu. Unasikia? Badilisha rangi tu. Maneno ya Berlin yamefika Sinza. Kijana anahitaji ile pesa, kodi ya chumba inakaribia. "Nifanyeje, mzee?"

Sikumwambia akatae. Nilimuuliza, huyo mteja anauza nini, na wateja wake ni nani? Akasema ni chama cha akina mama wa mikopo midogo, wanataka kufahamiana, kupeana taarifa za vikao, kuonyeshana bidhaa. Nikamuuliza, wangapi kati yao wana simu kubwa? Akafikiri. Wangapi wanasoma maandishi madogo bila miwani? Akafikiri tena. Wangapi wanapenda jirani aone kila kitu walichoweka? Hapo akacheka, akasema, "Mzee, hao hawatataka ukuta kabisa, watataka sauti." Tulikaa mpaka giza likaingia. Alichukua daftari akachora kitufe kimoja kikubwa cha kurekodi sauti katikati ya kioo, na chini yake majina ya wanachama kwa herufi nene. Sehemu ya kuvuta kioo kwenda chini akaiacha, kwa sababu vidole vya watu wote vimeshaizoea, na hapo sikumlaumu.

Ndicho alichofanya fundi wangu kwa yule dada. Alishika mshono wa watu, lakini alipima mabega yaliyo mbele yake. studiVZ ilivaa gauni lililokatwa kwa mabega ya Harvard. Mwenye gauni alipofika, watu wakamfuata mwenye gauni, na mtandao ule ukafungwa mwaka 2022. Kule China, Wang Xing alianza vilevile: mwaka 2005 alijenga nakala ya Facebook kwa wanafunzi wa Kichina, akaiuza mwaka uliofuata, na ndiyo iliyokuja kuitwa Renren, ambayo nayo imefifia. Lakini mtu yuleyule mwaka 2010 alianzisha Meituan, ikiwa mwanzoni ni mfano wa Groupon, mtandao wa punguzo la bei wa Marekani, halafu akaanza kupima mabega ya miji ya China: nani ana njaa saa ngapi, pikipiki inaweza kufika wapi. Leo Meituan ni miongoni mwa kampuni kubwa za China, na Groupon imebaki kivuli cha ilivyokuwa. Na Pavel Durov, aliyejenga VKontakte kule Urusi mwaka 2006 kwa sura iliyofanana sana na Facebook, ndiye baadaye aliyetoa Telegram. Mkono wa mwanafunzi huiga mpaka siku unapokuwa mkono wa fundi. Wengine hawafiki siku hiyo kwa sababu wateja wanawalipa wasifike.

Kwa hiyo wewe kijana unayenisikiliza, na wewe mteja unayemlipa kijana, ile sentensi ya "badilisha rangi tu" iangalieni vizuri. Ukiitamka, umeulizwa mshono ni wa nani, na hukujibu.

Jana nilipita tena kwa fundi kuchukua shati langu. Lile gauni la kitenge lilikuwa limetundikwa mlangoni, tayari, mabega yameshushwa kama alivyosema. Nikamuuliza kama alipata kujua mshono ni wa nani. Akamwita binti yake, anayeijua simu, nikaonyeshwa. Waliutafuta jioni nzima. Ni wa fundi mmoja wa Tanga, mwanamke, ana ukurasa mdogo wa picha zake na wafuasi wachache. Walikuwa wamemwandikia chini ya picha: dada, tumeushona mshono wako huku Dar, tumebadilisha mabega, mteja akiuliza tutamwambia ni wako.

"Amejibu?" nikauliza.

"Bado," fundi akasema, akakanyaga cherehani.